Uzi: Nimemchora bibi mara 7 kwenye kompyuta ndo nikaelewa ngozi yetu ina rangi gani (rangi, tekscha na sura)

#1 kalamu_ya_uyole

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Nipo Uyole hapa Mbeya, nachora kidijitali huu mwaka wa nne, nilianza na simu kwa kidole kwenye ibisPaint, sa hivi nina laptop iliyochoka kidogo na kitableti kidogo cha kuchorea cha kuchomeka kwa waya, programu natumia Krita kwa sababu ni ya bure na haina matangazo.

Nauandika huu uzi kwa sababu nikipita kwenye magrupu ya wachoraji naona tunarudia kosa lilelile, mtu anachora sura safi kabisa, macho yamekaa, pua imekaa, alafu akifika kwenye rangi ya ngozi yule aliyechorwa anapauka kama mtu ametoka kuoga hajapaka mafuta. Na mimi nimefanya hivyohivyo miaka mitatu mizima.

Ilikuwa mwaka jana mwezi wa saba, ile baridi yetu mnaijua, nikaenda Kyimo kwa bibi mzaa baba. Asubuhi kakaa mlangoni anaota jua, kajitanda kitenge cha njano, nyuma yake ukuta wa matofali ya kuchoma ambao haujapigwa plasta, nikampiga picha kadhaa na simu. Kurudi Uyole nikakaa siku tatu nachora, nilivyomaliza nikaona nimeua. Nikamtumia shangazi. Shangazi akajibu kwa voisi, "mwanangu, mbona mama umemchora kama anaumwa?"

Iliniuma sana maana bibi haumwi, analima migomba yake mwenyewe mpaka leo. Nikafungua faili nikaikuza nikaanza kujichunguza mimi nimefanya nini. Nimechagua kahawia moja. Penye kivuli nimeichanganya na nyeusi, penye mwanga nimeichanganya na nyeupe. Basi. Uso mzima wa binadamu nimeutengeneza kwa rangi moja na masizi na chokaa.

Ngoja nile ntaendelea, msiondoke.

#2 kalamu_ya_uyole

Tuendelee. Bibi yangu watu wanamwita maji ya kunde. Hili neno tunalisema kila siku ila mimi sikuwahi kulifikiria, mpaka siku moja mama anachemsha kunde nikachungulia kwenye sufuria. Jamani, yale maji sio rangi moja! Pembeni pale yanapokuwa membamba yanagusa sufuria ni mekundu ya machungwa kabisa, mwanga unapita mpaka chini unarudi. Katikati penye kina ni kahawia nzito inaelekea zambarau. Na juu ya maji kuna mng'ao wa dirisha, ule mng'ao hauna ukahawia hata kidogo, ni rangi ya mbingu ya nje. Vitu vitatu tofauti kwenye sufuria moja. Nikajiambia aliyesema maji ya kunde hakusema rangi ya kunde, kasema MAJI, kitu ambacho mwanga unaingia ndani.

Na ngozi ndo ilivyo wakuu. Mwanga ukigonga ngozi kuna sehemu unaingia, unatangatanga mle ndani, unapita kwenye melanini, unakutana na damu, ndo unatoka ukiwa na rangi ya moto, yani wekundu wekundu. Mwangalieni mtu jua likiwa nyuma ya sikio lake, sikio linawaka jekundu. Sehemu nyingine ya mwanga haiingii kabisa, inaruka juu ya ngozi na kuondoka na rangi ya kitu ilichotoka nacho. Sasa kwa ngozi nyeusi tii ule wa kutoka ndani unakuwa mdogo kwaiyo ule wa kuruka juu ndo unaonekana zaidi, ndo maana mtu mweusi akikaa nje kwenye kivuli anabeba mbingu usoni, na akikaa karibu na ukuta wa tofali anabeba tofali.

Kwaiyo jaribio la pili nilifuta nyeusi na nyeupe kabisa, nikajikataza. Kahawia ukiitazama kwenye duara la rangi ni machungwa iliyotiwa giza tu, haina makazi yake. Basi nikashuka hivi: penye mwanga wa jua machungwa inayoelekea njano, nikiingia kivulini nasogea kwenye nyekundu huku rangi INAKOLEA, haipauki, alafu pale mwanga unapokatika kuingia gizani naweka kamstari kembamba kalaini kenye wekundu kuliko sehemu zote. Hako kamstari ndo kalikomrudishia bibi damu. Nikamtumia shangazi tena, safari hii hakusema anaumwa, akasema "sasa huyu ni mama ila amekasirika." Ya kukasirika ni habari ya nyusi, ntakuja huko.

#3 mwanjelwa_sketch

Mkuu nimeweka kambi hapa. Swali, sisi wa simu tufanyeje? Sina laptop, natumia ibisPaint na kidole, leya (yale matabaka ya mchoro yanayopangwa moja juu ya jingine) zikifika kumi simu inakuwa pasi ya mkaa.

#4 kalamu_ya_uyole

Mkuu hata simu inatosha kabisa kwa haya ninayoyasema, mimi nimekulia huko. Fungua karatasi ndogo ya mazoezi, pikseli 1500 kwa upande mrefu zinatosha kujifunzia, ukubwa uje siku ya kazi ya kuprinti. Leya usizidishe nne: mchoro wa mistari, rangi ya chini, kivuli kwenye modi ya Maltiplai, na mng'ao juu. Ile Maltiplai ndo maji ya kunde yenyewe, ukipaka rangi nyembamba juu ya nyingine zinazidishana zinashuka giza bila kupauka, ila usiweke kijivu humo, weka nyekundu iliyopoa (inayoelekea bluu) au zambarau. Na kabla hujaanza zima ile kitu ya simu inayogeuza skrini njano usiku, mimi ilinidanganya nikachora mtu wa kijani usiku wa manane nikidhani ni mzuri.

#5 kamwene_ipogolo

Kamwene wakuu, nachangia kutokea Iringa. Mleta uzi umegusa kitu ambacho nakipenda, rangi za kwetu. Mimi paleti zangu (seti za rangi za kuchorea) nimeacha kupakua, nazichukua nje. Kuna ile michoro ya kwenye mwamba Igeleke hapa mjini Iringa, watu na wanyama wamechorwa kwa udongo mwekundu, umekaa juu ya jiwe miaka na miaka na bado unasomeka. Nilienda nikakaa mbele yake nikiwa na daftari, yule aliyechora alikuwa na nyekundu na kahawia basi, lakini kwa sababu jiwe lenyewe ni la kijivu na njano hafifu ile nyekundu inapiga kelele. Nikaja kujaribu sura nzima kwa rangi nne tu, nyekundu ya udongo, njano ya udongo, kahawia nzito na kijivu cha jiwe, na kazi ile ndo watu waliipenda kuliko zote nilizotumia rangi mia.

Na kwa tekscha (ile mikwaruzo na chembechembe za juu ya kitu) nendeni Isimila, pale korongoni kwenye barabara ya kwenda Mbeya. Zile nguzo mvua imezichonga, zina mistari ya kushuka, vishimo, chembechembe. Nilipiga picha asubuhi jua likiwa limelala pembeni, nikazigeuza nyeusi na nyeupe nikatengeneza brashi. Makaratasi ya Neema Crafts pia, karakana ya kazi za mikono hapa Iringa, yale ya kinyesi cha tembo, yana nyuzinyuzi ambazo hakuna brashi ya kupakua inayo.

#6 kalamu_ya_uyole

Mkuu wa Ipogolo umenigusa sana. Hiyo ya kijivu na nyekundu ngoja niiongezee nyama maana ndo iliyonifungua macho kwenye jaribio la tatu.

Kwenye paji la uso la bibi kulikuwa na mng'ao naouona wa bluu kabisa, lile jua la asubuhi lilikuwa linampata upande mmoja na upande wa pili alikuwa anapata mbingu tu. Nikapaka bluu. Ikawa kama kapakwa chaki ya shule. Nikaipunguza, bado. Mwisho nikachukua kijivu kitupu kisicho na bluu hata tone, nikagusa pale, na macho yangu yakaona bluu! Nikadhani Krita imeharibika. Kumbe kijivu kikikaa katikati ya machungwa, jicho lenyewe linakisukuma kwenda bluu. Jaribuni sasa hivi, chora miraba miwili mikubwa, mmoja machungwa mwingine bluu, katikati ya kila mmoja weka doti ya kijivu kilekile, alafu niambieni kama zinaonekana sawa.

Hili jambo lilishughulikiwa zamani na mkemia mmoja Mfaransa anaitwa Chevreul, alikuwa msimamizi wa idara ya kutia rangi nyuzi pale Gobelins, Paris, wanakofuma mazulia ya ukutani. Watu walikuwa wanalalamika nyuzi nyeusi zimefifia. Akachunguza akakuta nyuzi hazina shida yoyote, shida ni rangi walizofumwa nazo jirani, na mwaka 1839 akachapisha maelezo yake yote. Mimi nilikuwa nafanya kosa hilohilo na bibi, nabadilisha rangi ya paji la uso wakati mwenye shida ni jirani yake. Siku hizi nikiona rangi imekataa siigusi kwanza, nagusa iliyo pembeni yake.

Sasa tekscha. Jaribio la nne nilifanya kitu cha kitoto, nilichukua picha ya ule ukuta wa tofali nikaulaza juu ya picha nzima kwenye modi ya Ovalei, ile inayochanganya picha ya juu na ya chini. Ukuta ukapendeza, uso ukawa umefunikwa na chandarua. Tekscha haijui kama pale kuna shavu, imelala bapa tu. Ikabidi nirudi kwenye picha niangalie ngozi ya bibi inaonekana WAPI kuwa na mikunjo na vinyweleo. Penye jua kali hakuna, mwanga umevimeza. Penye giza hakuna. Vipo kwenye ule ukanda wa kati, pale mwanga unapopita ukiwa umeinama, kama vile barabara ya vumbi ambayo saa sita unaiona tambarare na jioni unaona kila shimo. Nikafuta tekscha yote nikaiacha kwenye ukanda huo tu, chini ya jicho, pembeni ya shavu, na kidogo shingoni. Uso ukaamka.

Brashi yenyewe nilitengeneza kwa gunia la viazi. Nililitandaza juani, nikapiga picha kwa karibu, nikaigeuza nyeusi na nyeupe, nikaongeza ukali mpaka nyuzi zikabaki peke yake, nikakata kipande nikakiweka kuwa ncha ya brashi, nikaiambia izunguke ovyo kila inapogusa ili isirudie mchoro uleule. Kwa kilemba na kitenge inafaa sana. Kwa ngozi inakuwa kali, kwa ngozi nilitumia sponji ya kuoshea vyombo, vile vishimo vyake vinafanana na vinyweleo ukiipunguza saizi.

#7 fundi_wa_kimya

Mimi nina mtazamo tofauti kidogo. Kwanini ujitese hivyo wakati kuna kichagua rangi? Unaweka picha pembeni, unagusa paji la uso, unapata rangi yenyewe, unapaka. Dakika mbili.

#8 kalamu_ya_uyole

Swali zuri mkuu na nimepita huko. Kichagua rangi kinakupa rangi ambayo KAMERA iliamua, na simu zetu zinaamua mambo mengi bila kukuuliza, zinaongeza mwanga usoni, zinapoza, zinalainisha ngozi. Picha tatu nilizompiga bibi ndani ya dakika moja paji la uso lilelile limetoka rangi tatu, sababu kwenye moja aligeuka ukuta ukaingia zaidi, simu ikarekebisha.

Na hili ni la tangu zamani. Enzi za filamu maabara za Kodak zilikuwa zinapima rangi kwa kadi ya picha ya mwanamke wa kizungu, kadi zenyewe zikiitwa Shirley, ikitoka vizuri hiyo kadi basi mashine iko sawa. Watu weusi wakawa wanatoka giza tupu, yanaonekana meno na macho tu. Na waliosaidia mambo yakabadilika wamo watengeneza chokoleti na watengeneza samani, walilalamika kahawia zao hazitofautiani kwenye picha. Kwaiyo picha ya zamani ya babu yako ya studio usiichukulie kuwa rangi yake ndo ile. Mimi nachagua rangi kwenye picha kujua tofauti, yani hapa ni peusi kuliko pale kwa kiasi gani, alafu rangi yenyewe naenda kumuangalia mtu.

#9 kyimo_ndizi

Na mimi niulize, lazima kila kitu kifanane na mtu mzima? Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 Dar na rangi za enameli kwenye vibao vya hardboard, hana kivuli hana vinyweleo na dunia nzima inamjua, na ni mtu wa kusini huku Tunduru.

#10 kalamu_ya_uyole

Wala sio lazima ndugu yangu, na nakushukuru kumtaja. Jaribio la tano nilifanya hivyo hasa, bibi bapa kabisa, rangi zilizokolea, hakuna kivuli, nyuma yake nikaweka kijani ya migomba. Na nikagundua kitu, ukiondoa kivuli kazi yote inahamia kwenye majirani wa rangi, kile cha Chevreul. Kijani ilifanya uso uwe mwekundu wa kupendeza bila mimi kugusa uso. Baadaye nikaichukua ile kijani nikaiingiza kwenye jaribio la sita lenye vivuli, nikafuta ukuta wa tofali, maana tofali na ngozi zilikuwa zinagombana zote ni machungwa. Bapa sio rahisi kuliko ile nyingine, huna pa kujificha.

#11 mwanjelwa_sketch

Mkuu hujamaliza ya nyusi, shangazi alisema kakasirika. Na macho unafanyaje, mimi macho yangu yanatoka kama gololi.

#12 kalamu_ya_uyole

Gololi ni kwa sababu unapaka nyeupe. Ule weupe wa jicho ni mpira, unazunguka, na kope ya juu inauwekea kivuli. Chukua leya ya kijivu iweke juu kabisa kwenye modi ya rangi ili picha nzima ionekane nyeusi na nyeupe, utashangaa weupe wa jicho ni giza kuliko paji la uso lenye jua. Kwa wazee angalia na kile kiduara cha kijivu bluu kinachozunguka ile sehemu ya rangi ya jicho, bibi anacho, nilikiruka mara nne nikidhani ni mbingu imejitokeza kwenye jicho. Nyeupe ya kweli weka doti moja tu ya mng'ao na usiiweke katikati.

Nyusi nilikuwa nimezichora kwa mistari. Na mikunjo pia. Mkunjo sio mstari jamani, ni kilima na bonde, una upande wa jua na upande wa kivuli, ukichora mstari unamkasirisha mtu au unamzeesha miaka ishirini. Nilifuta mistari yote nikaweka vivuli laini, ukingo mmoja mkali mwingine umeyeyuka, hasira ikaondoka. Midomo nayo, wa juu unatazama chini kwaiyo ni giza, wa chini unapokea. Na kile kitenge cha njano kilikuwa kinamrudishia mwanga chini ya kidevu, nilivyoweka ile njano hafifu kwenye taya, kichwa kikakaa mabegani, kabla ya hapo kilikuwa kinaelea.

Kuprinti sitaki niongee sana, jaribio la sita nilipeleka steshenari moja mjini likatoka giza, bibi haonekani. Kosa kubwa lilikuwa langu, nilichora skrini ikiwa imewaka mwisho. Sasa hivi naiweka skrini nusu, natengeneza faili la A4 pikseli 2480 kwa 3508, alafu naprinti kwanza kipande kidogo cha uso peke yake nikiangalie nje juani, ndo nilipie kubwa.

#13 kamwene_ipogolo

Tunasubiri la saba mkuu. Na bibi ameliona?

#14 kalamu_ya_uyole

Ameliona wakuu. Jumamosi nilipanda kosta mpaka Kyimo na karatasi nimeiviringisha kwenye bomba la plastiki isikunjwe. Kulikuwa na mvua kama kawaida ya Tukuyu, tukakaa jikoni. Bibi akaishika mbali, akaisogeza karibu, akakaa kimya nikaogopa. Akasema kitenge ni chenyewe. Akasema taya ni ya mama yake. Alafu akaweka kidole kwenye shavu la kushoto akaniuliza, "na kovu langu umelipeleka wapi?"

Alikuwa ameungua na mafuta akiwa binti. Nimemuona maisha yangu yote na kwenye picha lipo, nikalilainisha nikidhani ni uchafu wa kamera. Nikamwomba asogee mlangoni penye mwanga nikaliangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Kovu halina vinyweleo, ni laini kuliko shavu lote, kwaiyo mng'ao wake ni mkali una ukingo, wakati wa shavu umesambaa. Rangi yake ni nyepesi kidogo, inaelekea waridi, na pembezoni pana giza.

Nimerudi jana usiku nimefungua faili. Brashi ya sponji nimeifuta pale kabisa, nimeacha pakavu bila tekscha, nimeweka leya mpya nyembamba ya waridi iliyopoa, na kijivu kile cha uongo kidogo sana upande wa mbinguni. Bado ukingo wa chini umekuwa mkali, leo umeme ukirudi naulainisha. Ndaga fijo kwa wote mliochangia, jaribio la saba na la nane ntayaweka hapa pamoja.